Sabufa: Maana ya Neno na Kazi ya Kifaa Ndani ya Pikapu

Ukiingia duka la vifaa vya elektroniki Kariakoo, Dar es Salaam, ukaomba sabufa, utaonyeshwa seti ya nyumbani: boksi kubwa lenye vitufe na tundu la kuchomeka flashi, pamoja na spika ndogo mbili au zaidi za kuweka pembeni. Luthuli Avenue, Nairobi, wengi huomba wufa, na wanacholetewa ni kilekile. Sebuleni jambo hili halina madhara. Taabu huanza pale mwenye pikapu ya Hilux ya dabo kebini anapomwendea fundi na kusema anataka kufungiwa sabufa. Kwa fundi wa muziki wa magari, sabufa ni spika moja tu, tena isiyolia mpaka isaidiwe na vifaa vingine kadhaa. Mteja amekuja na fedha ya kitu kimoja, na kazi yenyewe inadai orodha. Neno moja linabeba maana mbili, na anayelipia tofauti hiyo ni mwenye gari.

Tuanze na maana ya kitaalamu. Sabufa ni spika iliyoundwa kutoa sauti za chini kabisa peke yake, kwa kawaida kati ya hezi 20 na hezi 100. Hezi hupima masafa, yaani mitikisiko mingapi hutokea katika sekunde moja. Sikio la binadamu mwenye usikivu mzuri hupokea kuanzia hezi 20 hadi 20,000 hivi, kwa hiyo sabufa hushughulikia kipande kidogo mno cha eneo hilo. Lakini ndicho kipande cha ngoma kubwa na cha gitaa la besi, ambalo uzi wake mnene hupigwa katika hezi 41. Sauti ya mwanamume anayezungumza kwa kawaida huanzia karibu na mwisho wa juu wa kipande hicho. Ndiyo maana ukisikia maneno ya msoma habari yakitoka waziwazi ndani ya sabufa, ujue haijarekebishwa sawasawa: imepewa kazi ya spika za mlangoni.

Asili ya neno ni Kiingereza. Wasemaji wa Kiingereza waliipa spika ya sauti nzito jina linaloiga mbweko wa mbwa, na ile ya sauti nyembamba, ambayo mafundi wetu huiita twita, jina linaloiga mlio wa ndege. Baadaye ilipoundwa spika ya kushuka chini zaidi ya ile ya kwanza, wakaongeza kiambishi chenye maana ya «chini ya». Kwa msikilizaji wao, majina hayo yanajieleza. Yalipofika kwetu, mwigo ule ulipotea njiani, kwa sababu mbwa wa Kiswahili habweki hivyo. Tulipokea matamshi bila maana, kisha tukaijaza maana kwa kile macho yalichokiona dukani, yaani seti nzima. Hilo huyapata maneno mengi ya mkopo, na si kosa la muuzaji wala la mnunuzi.

Je, Kiswahili kina neno lake? Lugha hii haijapungukiwa maneno ya sauti nzito. Kuna kuvuma na kunguruma, kuna mvumo na ngurumo. Katika ngoma za pwani, vumi ni ngoma ya sauti nzito na chapuo ni ngoma ndogo yenye mlio wa juu. Msondo ni ngoma ndefu ambayo jina lake limechukuliwa na bendi ya Msondo Ngoma, iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz. Kwaya zetu nazo huita besi sauti ya nne. Kwa hazina hiyo, yanawezekana majina kadhaa, na kila moja linastahili kupimwa.

«Kipaza sauti» limo katika kamusi, na kwa kuundwa kwake ni zuri. Tatizo ni kwamba watu hulitumia kwa spika na pia kwa kinasa anachoshika mwimbaji. Katika mfumo wa gari, ambamo kuna spika za aina tatu na kikuza sauti (amplifaya) pembeni yake, jina hilo halimwambii fundi ashike kipi. «Spika ya besi» linaeleweka na kila mtu, ila spika za mlangoni nazo hutoa besi ya kiasi chake, kwa hiyo mpaka haujawekwa. «Spika ya chini» litamfanya msikilizaji afikirie spika iliyowekwa sakafuni. «Spika ya mvumo» ndilo linalotaja kazi yenyewe: sauti isiyo na maneno, inayosikika kifuani kama inavyosikika masikioni. Hili linafaa kufundishia na kutolea maana katika kamusi. Hata hivyo, sabufa limekwisha kukubalika, ni fupi na linafuata silabi za Kiswahili. Kulifukuza ni kazi bure. Linalohitajika ni kulirudishia mipaka: sabufa iwe jina la spika ya mvumo, na kile cha sebuleni kiitwe seti ya sabufa.

Faida ya mipaka hiyo huonekana wazi katika pikapu, kwa kuwa hakuna gari linalombana fundi wa muziki kama hilo. Halina buti. Sehemu ya mizigo iko nje ya kebini, inapigwa na mvua na vumbi, na sabufa ikiwekwa huko mvumo wake hubaki nje ya bati na kioo. Nafasi zilizopo ni chini au nyuma ya kiti cha nyuma kwa dabo kebini, na nyuma ya migongo ya viti kwa pikapu ya kebini moja. Kwa hiyo kifaa cha kwanza huwa sabufa bapa, yenye kina kifupi, aghalabu ya inchi 8 au 10.

Kifaa cha pili ni boksi, na hapa maana ya sabufa kuwa spika tu inajidhihirisha. Spika inaposukuma hewa mbele, huivuta nyuma kwa wakati uleule. Katika sauti za chini, hewa ya mbele na ya nyuma huzungukiana na kuuana, mvumo ukafifia. Boksi huzitenganisha. Lililozibwa pande zote huwa dogo, na hewa iliyomo ndani huirudisha spika mahali pake. Lenye tundu hutoa mvumo mkubwa zaidi katika masafa lililopimiwa, lakini hudai nafasi ambayo pikapu haina. Bahati nzuri kebini ndogo husaidia: wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8.6, mrefu kuliko kebini yenyewe, kwa hiyo badala ya kusafiri, sauti hujenga mgandamizo wa hewa ndani na mvumo huongezeka. Boksi dogo lililozibwa latosha.

Cha tatu ni amplifaya, ambayo Kiswahili sanifu huiita kikuza sauti. Redio ya gari haina nguvu ya kuisukuma sabufa. Kikuza sauti cha wati 500 halisi, chenye ufanisi wa asilimia 80, huvuta ampia 45 hivi kinapofunguliwa chote, wakati taa mbili za mbele za wati 55 huvuta ampia 9 hivi. Waya mwembamba ukipewa mzigo huo utapata moto. Fundi atumie waya wa shaba wa milimita za mraba 16 au zaidi, na fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 45, ili waya ukichubuka na kugusa bodi, fyuzi ikatike kabla gari halijashika moto. Waya wa ethi uwe mfupi na unene uleule, nao ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Nyaya za sauti zipite upande mwingine wa kebini, mbali na waya wa betri, vinginevyo spika zinaweza kutoa mlio unaopanda na kushuka kwa kufuata mwendo wa injini.

Cha nne ndicho chenye istilahi ngumu kuliko zote: kifaa cha kugawa masafa. Wapo wanaokiita kichujio, na kwa jumla ni sahihi. Lakini ukisema «kichujio cha sauti za chini», je, kinaziacha zipite au kinazizuia? Jina halijibu, na fundi akifunga kinyume, sabufa itapokea sauti nyembamba na spika za mlangoni zinaweza kupasuka kwa besi. Napendekeza kipitisha chini kwa upande wa sabufa na kipitisha juu kwa upande wa milango, na kifaa kizima kiitwe kigawa masafa. Mahali pazuri pa kuanzia ni hezi 80 kwa pande zote mbili. Chini ya hapo, sikio hupata shida kutambua sauti inatoka upande gani. Hivyo sabufa iliyo chini ya kiti cha nyuma husikika kana kwamba imo ndani ya muziki wenyewe, na mwimbaji hubaki mbele kwenye dashibodi.

Majina haya manne, yaani sabufa, boksi, kikuza sauti na kigawa masafa, yanatosha kufanya mazungumzo ya mteja na fundi yawe ya haki. Nawaomba watunga kamusi walipe neno sabufa maana ya spika ya mvumo kabla ya kuongeza maana ya seti, na walimu wa vyuo vya ufundi watumie kipitisha chini na kipitisha juu darasani ili vijana watoke navyo mpaka gereji. Nawe msomaji, kabla hujalipa kufungiwa muziki kwenye pikapu yako, mwombe fundi akuandikie kila kifaa kwa jina lake, wati zake halisi, unene wa waya na ukubwa wa fyuzi. Fundi anayeijua kazi yake ataiandika orodha hiyo bila kusita.