Mawese, Matone na Urithi wa Mwili Buha

Watoto wa nyanda za juu za Buha, mkoani Kigoma, walipata vitamini A kwa njia ya soko muda mrefu kabla ya kuipata kwenye zahanati. Wapelelezi Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858, mafuta ya mchikichi yalikuwa bidhaa ya kawaida pale, na Burton akayaandika. Mchikichi hustawi vizuri zaidi kando ya Ziwa Tanganyika kuliko juu kwenye baridi ya Munanila, Manyovu na Heru. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mawese yaliyoungwa kwenye maharage na sombe (kisamvu) huko juu ilipandishwa mlimani, ikaingia katika nyumba iliyokuwa na kitu cha kubadilishana. Wako wanaodai kwamba Waha, wenyeji wa Buha, walikula mawese tangu enzi za mababu, hivyo matone ya vitamini A wanayopewa watoto leo ni ya nini? Dai hilo linasahau kwamba kitu kinachonunuliwa hakimfikii kila mtoto. Tena lina kasoro nyingine iliyojificha ndani ya mwili: mawese na matone huleta vitamini ileile kwa njia mbili tofauti, na urithi tuliopewa na wazazi huigusa njia moja zaidi kuliko nyingine.

Wekundu wa mawese ni karotini. Karotini bado si vitamini A. Mwili ndio unaoigeuza kuwa retinoli, jambo ambalo Thomas Moore wa Cambridge alilithibitisha kwa panya karibu mwaka 1930. Kazi hiyo hufanywa hasa ndani ya utumbo na kimeng'enya kinachotengenezwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo BCO1, na jeni hiyo haifanani kwa watu wote. Mwaka 2009 watafiti wa Newcastle, Uingereza, walitangaza matokeo ya wanawake waliopewa karotini kisha wakapimwa damu. Waliobeba badiliko moja la jeni hiyo waligeuza pungufu kwa asilimia 32, na waliobeba mabadiliko mawili pamoja, pungufu kwa asilimia 69. Wanawake wawili wanaweza kula chungu kimoja, kijiko kwa kijiko, na mmoja akabaki na theluthi tu ya kile alichokipata mwenzake.

Linalonivutia zaidi ni kwamba Georg Lietz, mmoja wa watafiti hao, alikuwa amekwisha kupita Tanzania. Mwaka 2001 yeye na wenzake, akiwemo Generose Mulokozi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, walichapisha utafiti wa wajawazito wa vijijini nchini mwetu waliopewa mawese tangu miezi ya mwisho ya mimba hadi baada ya kujifungua. Karotini iliongezeka katika damu na katika maziwa yao, na kiwango cha vitamini A katika maziwa kikalindwa. Mtu anaweza kusema: basi mawese yameshinda, habari za jeni ni porojo za maabara. Sikubaliani naye. Utafiti wa 2001 ulipima wastani wa kundi, na wastani huwaficha walio chini yake. Ila pingamizi hilo lina ukweli ndani yake. Jeni haifanyi kazi peke yake: mafuta katika chakula, minyoo tumboni na akiba iliyomo kwenye ini huamua pia ni karotini kiasi gani itageuzwa. Mawese huja na mafuta yake mwenyewe, na hilo huyapa nafasi nzuri kuliko mchicha uliochemshwa bila kuungwa. Isitoshe, asilimia za Newcastle zilitoka kwa Waingereza, na si halali kumbandika nazo mama wa Munanila.

Matone yana historia fupi. Tangu 2001 Tanzania imeyatoa kwa kampeni mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba: yuniti 100,000 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kwa aliyetimiza mwaka hadi chini ya miaka mitano. Ndani yake mna retinoli iliyo tayari, isiyosubiri kimeng'enya cha BCO1. Anayetaka kila mtoto apimwe jeni kwanza ndipo apewe matone anaweka kizuizi pale ambapo hakihitajiki.

Hata hivyo, kipimo kimoja kwa wote si kanuni ya kila kirutubishi. Kisiwani Pemba, mwaka 2003, sehemu ya utafiti iliyowapa watoto wadogo madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki ilisimamishwa, kwa sababu waliopewa walilazwa au kufa zaidi kwa asilimia 12. Kiini kilikuwa malaria, si jeni. Lakini urithi nao hubadili mahitaji: mgonjwa wa selimundu, ambaye chembe zake nyekundu huvunjika mapema, huhitaji foliki zaidi ya jirani yake, ndiyo maana kliniki humpa kila siku.

Watafiti wetu wanapaswa kupima jeni hizi kwa watu wa Kasulu, Kibondo na Buhigwe wenyewe, badala ya kuazima majibu ya Ulaya. Wakati huo ukisubiriwa, mzazi mpeleke mtoto kwenye matone Juni na Desemba, na jikoni usiyachome mawese mpaka yapoteze wekundu, kwa maana wekundu huo ndio karotini yenyewe.