Mzigo Mwepesi Ulibebwa na Nani?

Katika vituo vya mabasi vya miji yetu na kwenye boti ziendazo Unguja tunawaona vijana wa kigeni wenye mashanta mgongoni, wanaozunguka dunia kwa miezi sita au hata mwaka mzima. Wazoefu wao huwausia wasizidishe kilo kumi: nguo za kubadilisha mara mbili tatu, viatu jozi moja, dawa kidogo, basi. Shauri hilo ni jema, na wala sina nia ya kulipinga. Lakini ulikuwapo wakati katika nchi zetu ambapo kusafiri safari ndefu kwa mzigo mdogo lilikuwa jambo lisilowezekana, na sababu yake haikuwa kupenda anasa.

Sababu ilikuwa fedha. Katika karne ya 19 riale za Maria Theresa zilitamba Unguja na mrima wote, lakini mtu aliyetoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji alijua kwamba hazitamfaa huko bara. Fedha ya bara ilikuwa nguo, shanga na masango, yaani nyaya nene za shaba. Nguo ilipimwa kwa doti, na doti moja ilikuwa yadi nne. Kwa nguo hiyo msafiri alinunua mtama, mbuzi na kuni, na kwa nguo hiyo hiyo alilipa hongo kwa watemi aliopita katika nchi zao. Shanga nazo zilikuwa na mambo yake. Nyeusi zilizopokewa Ugogo zilikataliwa kwingineko; kwa hiyo aliyekosea kununua alijikuta amebeba taka kwa mwendo wa miezi mitatu.

Henry Morton Stanley alipokuwa Unguja mwanzoni mwa mwaka 1871, akijitayarisha kwenda kumtafuta Dk. Livingstone, hakujua lolote kuhusu mambo haya. Aliwaendea wafanyabiashara wa Kiarabu akawauliza, nao wakampa hesabu: watu mia moja hula doti kumi kwa siku, yaani yadi 40. Alikusudia safari ya miaka miwili. Basi akanunua yadi 16,000 za merikani, yadi 8,000 za kaniki na yadi 5,200 za nguo za rangi. Jumla ni yadi 29,200, nayo ni sawasawa na yadi 40 kwa siku 730. Msikilizaji, kitambaa hicho kikitandikwa chini kinafika karibu kilomita 27! Na hapo bado shanga, masango, risasi, dawa na mashua mbili. Shehena yote ilikaribia tani sita.

Hapa ndipo penye fundo. Kila mzigo ulihitaji mtu wa kuubeba, na kila mtu alihitaji kula, na chakula kilinunuliwa kwa nguo, na nguo ilihitaji mtu wa kuibeba. Msafara ulikuwa unajilisha kwa kujitafuna wenyewe. Punda walijaribiwa, farasi wawili wa Stanley walikufa kabla safari haijaenda mbali, na mwishowe chombo kilichotegemewa kilikuwa ni bega na kichwa cha mwanadamu.

Mabega hayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya Wanyamwezi. Hawa hawakuwa watu wa kusukumwa tu kama wengi tulivyosoma utotoni. Walikuwa watu wa kazi yao, wenye ujira wa mapatano na kiongozi wao, kirangozi, aliyetangulia mbele. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, na frasila ni ratili 35, kwa hiyo ni karibu kilo 32. Mnyamwezi alipenda kubeba begani, na mtu wa pwani kichwani juu ya ngata. Robota la nguo lilifungwa refu mfano wa mto wa kitandani, likaitwa mtumba. Neno hilo mnalijua; leo mnalisikia kila siku sokoni kwa maana ya nguo kuukuu. Asubuhi ya kuondoka palikuwa na ghasia, kila mtu akinyanyua huu na kuujaribu ule, na mwenye msafara aliyezidisha uzito alikuta mzigo umelala chini na mpagazi haonekani. Kwa maoni yangu, kanuni ya kwanza ya kupunguza mizigo katika nchi hizi iliwekwa na wapagazi, tena kwa miguu yao.

Na zaidi ya frasila zile mbili mpagazi alikuwa na vyake: mkeka, kibuyu, chungu, silaha na posho ya siku kadhaa. Orodha hiyo haina tofauti kubwa na ya kijana wa shanta.

Walikuwapo pia waliosafiri wepesi bila kupenda. Livingstone aliingia bara mwaka 1866, na Januari 1867 watu wawili wakatoroka na sanduku lake la dawa, kwinini ikiwa ndani. Tangu hapo afya yake ilizidi kudhoofu. Miaka iliyofuata alipata msaada mara kwa mara kwa wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, Tippu Tip akiwa mmojawapo, na aliporudi Ujiji mwaka 1871 akakuta bidhaa alizotumiwa kutoka Unguja zimekwisha kuuzwa na yule aliyekabidhiwa. Mwenzake mwingine, Verney Lovett Cameron, alianzia Bagamoyo mwaka 1873. Mwishoni mwa mwaka 1875, akiwa karibu na pwani ya Angola na watu wake wamechoka kwa njaa, aliacha hema, mashua na kitanda, akabaki na vipimo vyake, madaftari na vitabu, akakimbilia Benguela na watu wachache wenye nguvu. Aliokoka. Lakini ilimpasa afike ukingoni mwa kifo ndipo aone kwamba kitanda si cha lazima.

Kilichopunguza mzigo hasa ni sarafu na reli. Wajerumani walieneza rupia, na kuanzia mwaka 1904 heller zikaingia mikononi mwa watu. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mtu akaweza kwenda Ujiji na kifuko cha fedha mfukoni, na wapagazi wa safari ndefu wakaanza kukosa kazi.

Ndipo vita ikaja mwaka huo huo wa 1914, na mzigo ukarudi vichwani, safari hii bila mapatano. Waingereza na Wajerumani, wote wawili, walikusanya watu vijijini kwa maelfu na maelfu kuwabebea askari vyakula na risasi mahali ambapo reli haikufika. Tufanye hesabu kidogo. Mtu abebe kilo 25 za unga, ale kilo moja kwa siku. Kambi ikiwa mwendo wa siku kumi, kwenda na kurudi atakula kilo 20. Askari atapata kilo tano. Dawa ya hesabu hiyo ilikuwa kuongeza wapagazi na kupunguza posho yao, na dawa hiyo iliua kuliko risasi. Waliokufa kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa ni makumi ya maelfu.

Kikosi cha Waingereza kiliitwa Carrier Corps, na watu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao. Ndiyo asili ya Kariakoo ya Dar es Salaam, na Kariokor ya Nairobi ni jina hilo hilo. Sanamu ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni ya askari na bunduki yake. Ile ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Wapagazi wengi wa Kenya walikufa kabla ya kupokea mishahara yao, na kwa kuwa warithi hawakupatikana, fedha hizo zilibaki serikalini. Katika miaka iliyofuata palikuwa na madai kwamba zitumike kwa manufaa ya wananchi wa makabila waliyotoka, na serikali ya London ikakataa kuzitoa.