Wapadri Weupe na Waliokosa Kwao: Kutoka Karema hadi Katumba

Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambalo wengi bado hulitaja kama la Wapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao, lilianza na yatima. Njaa na maradhi ya miaka ya 1867 na 1868 viliacha Algeria na watoto wengi wasio na wa kuwalea. Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, aliwakusanya, na mwaka 1868 akaanzisha shirika. Kwa hiyo walipofika Ujiji mwaka 1879, kulea watoto wa watu wengine haikuwa kazi ngeni kwao.

Mwaka 1885 walikabidhiwa boma la Karema, lililojengwa na maofisa wa Kibelgiji wa Mfalme Leopold II ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini-magharibi ya nyanda za juu za Ufipa. Misafara ya watumwa ilikuwa bado inavuka ziwa. Wapadri waliwanunua watoto kwa michango ya waumini wa Ulaya, wakawafundisha, wakawaozesha wao kwa wao, na kila ndoa mpya ikapewa mahali pa kujenga na kulima karibu na misheni. Nao waliokimbia uvamizi wa vijiji wakasogea ukutani kutafuta usalama.

Tusiyapambe mambo. Karema ilikuwa kimbilio, lakini pia ilikuwa serikali ndogo. Aliyelindwa alipangiwa saa ya kazi na saa ya sala, na wakati mwingine hata mchumba. Tena anayenunua mtumwa ili amkomboe humpa muuzaji sababu ya kurudi na mwingine. Lakini mtoto aliyeuzwa mbali na kwao hakuwa na mjomba wala shangazi wa kumpokea. Misheni ndiyo iliyokuwa ukoo wake, pamoja na ukali wake wote.

Ubora wa kazi hiyo unaonekana zaidi kwa waliookolewa kuliko kwa waokoaji, na wa kwanza kati yao ni Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Mto Niger, akatekwa akiwa mtoto, akavushwa Sahara, na mwaka 1876 wapadri wakamkomboa. Walimpeleka Malta kusomea udaktari. Alifika Karema mwaka 1889, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na hakuhama tena. Alioa binti wa mtemi wa Kibende. Mwana wao Joseph akawa padri. Atiman mwenyewe alifundisha dini na kutibu wagonjwa hadi alipofariki mwaka 1956: miaka 67 katika kituo kimoja. Maofisa wangapi wa Kijerumani na wa Kiingereza walikuja wakaondoka katika muda huo! Nyumba ya shirika jijini Dar es Salaam inaitwa Atiman House, na wengi wanaopita mlangoni hawajui kwamba ni jina la mtu aliyewahi kuwa mtumwa.

Chini ya Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza tangu 1891 hadi kifo chake mwaka 1917, misheni zilipanda kutoka ziwani kwenda Ufipa yenyewe, Kate, Mwazye, Chala na kwingineko. Mwaka 1907 likaanzishwa shirika la masista Waafrika, la Maria Malkia wa Afrika. Karema ikawa jimbo mwaka 1953, na mwaka 1969 jimbo likachukua jina la Sumbawanga.

Muda si mrefu wakimbizi wakaja tena. Mauaji ya 1972 nchini Burundi yaliwasukuma maelfu ya watu Tanzania, na makazi ya Katumba, kisha Mishamo mwaka 1978, yakafunguliwa katika misitu ya Mpanda, wakati huo sehemu ya Jimbo la Sumbawanga. Safari hii shirika halikuwa na boma wala amri. Ardhi ilitoka serikalini, fedha kwa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na maendeleo yakasimamiwa na TCRS, shirika la Walutheri la kuhudumia wakimbizi. Nadhani ilikuwa afadhali hivyo. Wakimbizi wengi walikuwa Wakatoliki kutoka nchi iliyopokea Injili kwa Wapadri Weupe hao hao, na walikuja na makatekista wao. Padri alikuwa na vijiji vingi vya kuzungukia. Aliyekuwapo kila Jumapili alikuwa katekista, naye mkimbizi kama wenzake.

Katumba na Mishamo sasa ziko Mkoa wa Katavi, chini ya Jimbo la Mpanda lililozaliwa mwaka 2000. Mwaka 2010 serikali iliwakubalia uraia Warundi 162,156 wa mwaka 1972, wakiwamo wa makazi ya Ulyankulu huko Tabora. Vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Makatekista wa miaka ile ya kwanza ni wazee sana, na baadhi wameshazikwa. Historia ya Karema iliandikwa na mapadri, na Atiman akaongeza ya kwake. Ya Katumba, kwa sauti ya waliolima na kusali pale, bado haijaandikwa vya kutosha. Mwenye picha, daftari la kanisa au babu anayekumbuka, aanze kuandika mwaka huu.