Mazwi kwa Miguu

Asubuhi ya Juni, Sumbawanga ina baridi ambayo mgeni kutoka pwani haitarajii. Mji uko karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na watu wanaoshuka kata ya Mazwi kuelekea sokoni wamejifunika makoti, kofia za sufu na vitenge vilivyokunjwa mara mbili mabegani. Mafundi cherehani wamekwisha kutoa mashine zao barazani. Mama lishe anakoroga uji wa ulezi, pembeni chapati zinageuzwa, na madebe ya maharage na mahindi yamepangwa mbele ya maduka. Hatua chache mbele, harufu inabadilika: hapo ni migebuka ya Ziwa Tanganyika na samaki wa Ziwa Rukwa, maziwa mawili yaliyoibana nchi ya Ufipa huku na huku. Yote haya mtu huyafikia kwa miguu.

Huko nje ya Mkoa wa Rukwa, jina la mji huu hutajwa kwa mzaha wa uchawi, nao mzaha huo umewachosha wenyeji. Wao husimulia kwamba sumba ni tupa, na wanga ni uchawi. Anayeingia aache mambo hayo nje. Mimi nalisikia jina hilo kama agizo kwa mpita njia, na historia ya Ufipa inanipa sababu ya kulisikia hivyo.

Simulizi kuu ya nchi hii inaanzia Milansi. Mtawala alikuwa amekwenda kuwinda. Nyuma yake wakafika wanawake watatu wageni, na mkubwa wao akakalia kiti cha enzi. Mtawala aliporudi, jambo lilimalizwa kwa maneno. Utawala wa nchi ukaenda kwa wageni, ambao uzao wao ndio ukoo wa Watwa, na Milansi ikabakiwa na heshima ya matambiko. Baadaye nchi ya Watwa iligawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi na Wafipa miaka ya 1960, aliifanya simulizi hiyo kuwa nguzo ya kitabu chake cha mwaka 1981. Alivutiwa pia na jinsi vijiji vyao vilivyobanana, nyumba kwa nyumba, na jinsi watu walivyothamini mazungumzo.

Kubanana huko kulikuwa na chanzo shambani. Uwanda wa Ufipa una miti michache, hivyo kuchoma msitu na kuhama hakukuwezekana. Wafipa walifukia nyasi ndani ya matuta ya duara, wakaziacha zioze, kisha wakayatawanya matuta hayo na kupanda. Udongo uliorutubishwa namna hiyo uliwaruhusu kukaa.

Matuta yalihitaji jembe, na jembe lilihitaji chuma. Hapa ndipo Wafipa walipojipatia sifa. Tanuri lao, ilungu, lilijengwa kwa udongo wa kichuguu hadi kufikia karibu meta 3, refu kuliko mtu. Chini yake waliacha matundu ya kuvuta hewa, na urefu wa tanuri wenyewe ukafanya kazi ya kuvuvia. Mivukuto ilingoja hatua ya pili, katika tanuri dogo, ambako chuma kilisafishwa kabla ya kufikia nyundo ya mhunzi. Wengine walifuma nguo za pamba. Majembe na nguo vikatembea mbali, na wanunuzi wakaja.

Si kwamba vita haikupita. Katikati ya karne ya 19, Wangoni waliotoka kusini walifika Ufipa, na kiongozi wao Zwangendaba akafia huku. Baada yake wafuasi wake waligawanyika. Lakini mpelelezi Joseph Thomson alipopita mwaka 1880 aliwakuta Wafipa wakiwa wakulima watulivu.

Wajerumani waliweka boma lao kando ya Ziwa Tanganyika, Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga. Chini ya Waingereza, Sumbawanga ikawa makao ya Wilaya ya Ufipa, na wafanyabiashara wakafuata ofisi. Majembe ya viwandani yalikuwa yakiingia, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 moto wa malungu ukazimika. Mwaka 1969 Jimbo Katoliki la Karema likaitwa Jimbo la Sumbawanga. Mwaka 1974 ukaundwa Mkoa wa Rukwa, na mji ukawa makao yake. Barabara ya lami kutoka Tunduma, zaidi ya kilomita 200, ilikuja miaka ya 2010. Kabla yake, mvua zilipokuwa kubwa, magari yalikwama njiani na bidhaa zikasubiri.

Lami imeleta malori, lakini katikati ya mji bado watu hutembea, kwa sababu kila kitu kiko karibu na kila anayekutana na mwenziwe husimama kumsalimu. Salamu moja inatosha kupoza chai.

Karibu na sokoni, mkulima amesimama mbele ya duka la vifaa. Ameshika jembe jipya lisilo na mpini. Analigonga kwa ukucha, analileta sikioni, anasikiliza. Kisha analirudisha na kuomba la pili.