Donge au Kipande? Asili ya Madonge Makubwa ya Dhahabu na Historia ya Lupa Ikitazamwa kutoka Kyela

1.0 Utangulizi



Mada ya mhadhara huu yaweza kuonekana kuwa ni ya wanajiolojia zaidi kuliko wanaisimu. Hata hivyo, kila mtu anayetaka kueleza kwa Kiswahili jambo lililochimbuliwa ardhini hana budi kwanza kuchagua neno, na neno alichaguapo huwa limekwisha kusema jambo kabla yeye hajafungua kinywa. Kwa kile ambacho maandishi ya kijiolojia hukitaja kwa istilahi moja, yaani dhahabu ya asili iliyo kubwa kiasi cha kuokotwa kwa mkono, sisi tuna maneno kadhaa: donge, bonge, kipande, na wapo wanaotohoa na kusema nageti. Hoja yangu ya msingi ni kwamba maneno mawili kati ya hayo, donge na kipande, yamebeba nadharia mbili zinazopingana kuhusu asili ya kitu chenyewe, na kwamba wanasayansi wamekuwa wakibishana juu ya nadharia hizo hizo kwa zaidi ya karne moja.

Nitaujadili mgogoro huo kwa kusimama katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, katika tambarare ya Kyela. Kyela haikupata sifa ya dhahabu. Sifa yake ni mpunga, kakao na samaki. Lakini ng'ambo ya milima, upande wa kaskazini, iko Lupa ya Chunya, na watu wa ziwani waliijua Lupa kwa miguu yao.

2.0 Maneno mawili, nadharia mbili

Donge ni kitu kilichojikusanya. Tunasema donge la ugali, donge la udongo, damu iliyoganda ikawa donge. Mfinyanzi wa Kikisi wa Ikombe, ambaye vyungu vyake huuzwa Matema, huanza kazi na donge. Kwa hiyo anayesema "donge la dhahabu" anadokeza, apende asipende, kwamba chembe zilizotawanyika zilikutana na kushikamana. Kipande, kwa upande mwingine, hakiwezi kuwapo pasipo kizima. Anayesema "kipande cha dhahabu" anadokeza kwamba mahali fulani ulikuwako mwamba, na kwamba kitu hiki kilimeguka kutoka humo.

Nadharia ya donge ina nguvu yake. Madonge makubwa mara nyingi hupatikana katika udongo wa juu na katika mchanga wa mito, ilhali dhahabu inayoonekana katika miamba ya jirani huwa ni chembe ndogo mno. Ikiwa mwamba una chembe tu, donge la kilo kadhaa limetoka wapi? Ndipo ikadaiwa kwamba maji ya ardhini huyeyusha dhahabu kidogo kidogo, huisafirisha, kisha huiweka mahali pamoja. Kwa maneno mengine, dhahabu hukua udongoni kama kiazi. Mwaka 2006 Frank Reith na wenzake walichapisha matokeo kutoka Australia yaliyoonyesha kwamba juu ya chembe za dhahabu huishi bakteria wenye uwezo wa kuitoa dhahabu katika myeyusho na kuiweka katika hali ya metali. Dai la kwamba dhahabu hukua likaacha kuwa la kuchekwa.

Mwaka uliofuata, 2007, Robert Hough na wenzake, nao wa Australia, waliyakata madonge ili kuona yaliyomo ndani. Dhahabu inayowekwa na maji ya ardhini huwa safi sana, karibu haina fedha. Madonge waliyoyachunguza yalikuwa na fedha ndani yake, na mpangilio wa fuwele zake ulikuwa wa metali iliyoumbwa katika joto kubwa, si katika ubaridi wa udongo. Hitimisho lao lilikuwa kwamba madonge hayo yalizaliwa ndani ya mwamba, kilomita kadhaa chini ya uso wa nchi, na mmomonyoko ndio uliowatoa mama na mtoto pamoja: mwamba ukasagika, dhahabu ikabaki. Kubaki kwake kuna sababu iliyo wazi. Uzito wa dhahabu ni takriban mara 19 ya uzito wa maji ya ujazo uleule, ilhali kwatzi, lile jiwe jeupe linaloandamana nayo, haifiki hata mara tatu. Mto huchukua mchanga na kuiacha dhahabu. Kazi ya bakteria na maji ya ardhini ipo, lakini ni ya ngozi ya nje. Kwa matokeo hayo, kipande kilimshinda donge.

Hata hivyo, swali lilibaki: ndani ya mwamba wenyewe, dhahabu nyingi kiasi hicho ilikusanyikaje mahali pamoja? Maji ya moto yapitayo katika nyufa za miamba hubeba dhahabu kidogo mno, na kwatzi ni jiwe lisilopenda kuingiliana kikemikali na kitu kingine. Mwaka 2013 Dion Weatherley na Richard Henley walieleza kwamba tetemeko la ardhi linapoipanua ghafla mianya ya ufa, kani-eneo hushuka, maji hugeuka mvuke mara moja, na kilichokuwa kimeyeyuka humo huachwa pale pale. Mwaka 2024 Christopher Voisey na wenzake wakaongeza jambo la kustaajabisha zaidi. Fuwele ya kwatzi ikibanwa hutoa umeme. Katika maabara walionyesha kwamba umeme huo unatosha kuitoa dhahabu katika myeyusho na kuiweka juu ya kwatzi. Na pakishakuwa na chembe ya dhahabu, inayofuata hupenda kutua juu yake kuliko kutua penginepo. Matetemeko mengi, yakirudiwarudiwa kwa muda mrefu, huweza kuikuza chembe ikawa kitu cha kushikwa kwa mkono.

Tukitafsiri matokeo hayo kwa lugha yetu, tunaona kwamba kinachookotwa mtoni ni kipande, kwa kuwa kilimeguka. Lakini kabla hakijameguka kilikuwa donge, kwa kuwa kilijikusanya. Lugha haikukosea kuwa na maneno mawili. Kilichokosekana ni kuyapanga kwa wakati.

3.0 Kwa nini Lupa, na si Kyela

Wakazi wa kaskazini ya Ziwa Nyasa hawahitaji kufundishwa kwamba ardhi hutikisika. Desemba 2009 matetemeko ya Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, yalifuatana kwa siku kadhaa. Mlima Kyejo, kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji, ulitoa lava takriban mwaka 1800. Mwanafunzi makini atauliza: ikiwa tetemeko huzaa dhahabu, mbona mchanga wa Kiwira, Mbaka na Lufilio haukuitajirisha Kyela?

Jibu liko katika umri. Matetemeko yanayohusika na dhahabu ya Lupa si haya ya Bonde la Ufa. Mishipa ya kwatzi ya Lupa ilijazwa dhahabu takriban miaka bilioni 1.9 iliyopita, wakati miamba ya ukanda wa Ubende ilipokuwa ikibanwa na kupasuka katika vina virefu. Bonde la Ufa ni kijana kwa kulinganishwa nayo, na volkano za Rungwe ni changa zaidi; mito iingiayo Kyela hubeba majivu na mawe ya volkano hizo, na ndiyo maana udongo wake huzaa mpunga. Bonde la Ufa halikuiumba dhahabu ya Lupa. Lilichofanya ni kuiinua nchi na kuishusha nyingine, hata mito ya Lupa ikapata mteremko wa kuelekea Ziwa Rukwa, ikaichonga miamba ya kale na kuifichua hazina yake.

Hapa lipo jambo la majina ambalo si vyema kulipita. Mito miwili ya nchi hii huitwa Songwe. Mmoja hutiririka kuelekea Rukwa. Mwingine huingia Ziwa Nyasa na ndio mpaka wa Tanzania na Malawi. Msomaji wa nyaraka asipoitofautisha, ataipeleka dhahabu ya Rukwa hadi ufukweni Kyela kwa kosa la jina tu.

4.0 Kuokota, kuchimba, kugundua

Historia rasmi huhesabu mwaka 1922 kuwa mwaka wa kugunduliwa kwa dhahabu ya Lupa chini ya utawala wa Waingereza. Haikuwa dhahabu ya kwanza nchini: Wajerumani walikuwa na mgodi wa Sekenke, ambao dhahabu yake ilitumika mwaka 1916 kufulia sarafu za rupia 15 mjini Tabora. Lakini Lupa ilikuwa tofauti kwa kuwa dhahabu yake ya mwanzo ilikuwa ya mchangani, ya kuoshwa kwa karai bila mitambo mikubwa. Uingereza ilipoachana na kipimo cha dhahabu mwaka 1931, bei ikapanda wakati mazao mengine yakianguka bei, na wachimbaji wa kila taifa wakamiminika Chunya.

Waliotoa jasho walikuwa maelfu ya vibarua Waafrika, na Unyakyusa ilitoa wengi. Wakati huo Kyela ilikuwa sehemu ya wilaya ya Rungwe. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliwakuta vijana wakienda Lupa na kurudi. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na kijana aliyetaka ng'ombe wa mahari bila kumngojea baba yake aliweza kuwapata kwa ujira. P. H. Gulliver, aliyeandika miaka ya 1950, alionyesha jinsi njia hizo za kutafuta kazi zilivyokuja kufika hadi migodi ya shaba ya kusini. Dhahabu ya Lupa, kwa hiyo, iliingia Kyela ikiwa imevaa umbo la ng'ombe.

Sasa tutazame vitenzi. Kiswahili husema mtu ameokota donge, amechimba mwamba, amegundua machimbo. Kuokota ni kazi ya mkono. Kugundua ni hadhi. Australia donge kubwa kuliko yote yaliyopata kuandikwa, lililoitwa Welcome Stranger, lilipatikana tarehe 5 Februari 1869 huko Moliagul, sentimita chache tu chini ya udongo, likiwa na takriban kilo 72. Na kwa kuwa halikuenea katika mizani, lilivunjwa juu ya fuawe kwanza. Majina ya waliolipata, John Deason na Richard Oates, yanajulikana hadi leo, kwa kuwa waliookota ndio waliokuwa na haki ya kuuza. Huko Serra Pelada, Brazili, mwaka 1983 lilipatikana donge la kilo 60.82, ambalo sasa limehifadhiwa na benki kuu ya nchi hiyo. Lupa, mtu aliyeinama mtoni na karai hakuwa ndiye aliyetajwa katika leseni. Aliyeokota alilipwa ujira, aliyegundua aliandikwa. Tofauti ya vitenzi viwili ndiyo tofauti ya watu wawili katika kumbukumbu, na mwanahistoria anayenakili neno "aligundua" bila kuuliza mkono ulikuwa wa nani anaurudia uamuzi wa karani.

5.0 Tabaka za msamiati

Msamiati wa dhahabu ni kama mwamba wenyewe: una tabaka. Dhahabu na zebaki ni maneno yenye asili ya Kiarabu, mali ya bandari. Kilwa ilitajirika kwa dhahabu iliyotoka Sofala, wala haikuichimba. Mwamba, mchanga na mkanda ni maneno ya Kibantu. Karai lilitoka Bara Hindi. Karasha, matimba na rashi ni Kiingereza kilichoshushwa shimoni na kuvishwa sauti zetu.

Jambo moja zaidi. Kiswahili kilichukua neno fedha, lenye maana ya metali nyeupe, kikalifanya pesa. Kinyakyusa husema indalama na Kichewa ndalama kwa maana ya pesa, maneno yanayohusishwa na dirhamu, sarafu ya fedha. Lakini katika Kishona ndarama ni dhahabu. Neno moja lilisafiri, na palipokuwa na machimbo likawa dhahabu. Palipokuwa na biashara tu likabaki pesa. Kaskazini ya Ziwa Nyasa ilikuwa upande wa pesa. Lugha ilikuwa imekwisha kutuambia mahali pa Kyela katika historia hii kabla ya mtu yeyote kwenda Lupa.

6.0 Hitimisho

Mgodi wa New Saza ulifungwa mwaka 1956, na mgodi wa New Luika ulianza uzalishaji mwaka 2012. Katikati ya miaka hiyo na baada yake, wachimbaji wadogo wa Chunya, Makongolosi na Itumbi hawakuacha kuchimba maduara na kuosha marudio. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mkataba huo utafanya kazi pale tu mchimbaji atakapoelezwa, kwa maneno anayoyatumia mwenyewe, kwa nini moshi unaotoka katika donge lililochomwa ni sumu. Na hapa neno linahitaji uangalifu mkubwa, kwa maana donge hilo la zebaki kweli limekusanywa na mkono wa mtu. Si lile la asili. Kuyaita yote mawili kwa jina moja bila kufafanua ni kuyachanganya yaliyoumbwa na matetemeko ya kale na yaliyoumbwa jana katika karai.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, istilahi zetu za jiolojia zianzie machimboni, si katika orodha za maneno ya kigeni; donge na kipande vibaki vyote, kila kimoja na hatua yake. Pili, wanafunzi wa Kiswahili waende Kyela, Rungwe na Chunya kukusanya maneno na masimulizi ya familia za waliokwenda Lupa. Mto huiacha dhahabu kwa sababu ni nzito. Kumbukumbu ya watu haina uzito huo; isipokusanywa, huchukuliwa na maji.