Krismasi ushago Taita: mti wa saiprasi uko sawa, kutasa ni upagani?

Ukidandia mat pale Voi tarehe 24 kwenda ushago Wundanyi, fahamu hii: Biblia haitaji 25 Desemba popote. Kalenda ya Roma ya mwaka 354 inaiweka tarehe hiyo mara mbili, kuzaliwa kwa Kristo na sikukuu ya mungu jua. Majani mabichi mlangoni? Waroma walipamba hivyo mwaka mpya.

Wamishenari wa CMS walitua Sagalla 1883. Kutasa, baraka ya Wataita ya kupuliza pombe ya miwa kwa mdomo ukiomba amani, ikaitwa upagani. Mti wa Krismasi wa Wajerumani, ambao pia haumo kwenye Biblia, ukapita.

So babu akitasa Desemba hii, usimkazie macho. Angalia kwanza ile saiprasi kwa sebule.