Tindo, Kalibu na Kiungo cha Reli: Mtazamo kutoka Kindu

Historia ya reli yetu aghalabu huandikwa kwa kilometa na majina ya makampuni. Husemwa kwamba CFL, kampuni iliyoundwa mwaka 1902, ilikamilisha njia ya Kindu–Kongolo, yenye kilometa 355, mwaka 1910. Na kwamba mwaka 1955 upana wa njia hiyo uliongezwa kutoka milimita 1,000 hadi 1,067. Makala haya yanakusudia kutazama jambo dogo zaidi: mahali ambapo chuma kimoja cha reli hukutana na kingine.

Katika njia za enzi ile, viungo vilifungwa kwa vibao vya chuma na bolti, na mwanya uliachwa ili chuma kipate nafasi ya kutanuka juani. Kila gurudumu lililopita liligonga mwanya huo, likaharibu ncha za reli.

Dawa yake ilitoka Ujerumani. Hans Goldschmidt alipata hataza mwaka 1895, na mwaka 1899 reli za tramu ziliunganishwa hivyo mjini Essen. Unga wa alumini na oksidi ya chuma huwashwa chunguni. Chuma kilichoyeyuka humiminwa katika kalibu. Hata hivyo, kuyeyusha si kumaliza. Kalibu ikivunjwa, kinundu hubaki juu ya kichwa cha reli. Fundi hukikata kwa tindo na nyundo, au kwa mashine ya haidroli yenye visu viwili. Akiwahi mno, chuma laini huchanika; akichelewa, kimekwisha kuwa kigumu. Kisha hulisawazisha ungio kwa jiwe la kusagia, akipima kwa rula ya chuma. Kilichosagwa kupita kiasi hakirudishwi.

Njia mpya za Mombasa–Nairobi (2017) na Dar es Salaam–Dodoma (2024) zina reli zilizolehemiwa. Kwa hiyo suala la lugha si la anasa. Tindo, tupa na kalibu ni maneno ya kale ya mhunzi. Kiswahili hakihitaji kuyaazima. Kinachohitajika ni kuyaandika pamoja na utaratibu wa kazi yenyewe. Siku njia ya Kindu itakapolehemiwa, kijana wa Mikelenge atakayeshika tindo hana budi kuelezwa, kwa lugha aifahamuyo vema, ni wakati gani wa kupiga na wakati gani wa kungoja.